Kabla ya Kupaka Rangi Gari Kuukuu la Kuchezea

Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya kikundi cha wasomaji wa maktaba ya kijiji. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.



Mmeniomba niseme juu ya kazi yangu ya jioni. Nakusanya magari madogo ya kuchezea ya zamani, nayatengeneza, na mengine nayapaka rangi upya. Najua wengine wenu mnacheka moyoni. Mtu mzima, mtumishi, ana watoto, bado anacheza na magari! Chekeni tu. Lakini mkisikia habari ya sumu iliyomo katika rangi za zamani, na habari ya watu wanaopaka rangi ili wauze uongo, nadhani kicheko kitapungua kidogo.

Ndugu mmoja wa kikundi hiki ameniuliza hivi: "Mwalimu, nimepata kigari cha chuma katika mitumba ya vitu vya watoto. Rangi imebanduka. Je, nikipake?" Nilimjibu, usikipake bado. Kwanza kigeuze ukisome.

SOMA TUMBO LA GARI

Ndiyo, kukisoma. Magari haya yana maandishi chini ya tumbo, na ninyi mnajua kusoma. Ukikuta DINKY TOYS na MECCANO LTD, gari lako limetoka katika kampuni ya mji wa Liverpool, Uingereza. Ukikuta CORGI TOYS, asili yake ni Swansea, katika nchi ya Wales. Ukikuta LESNEY, hilo ni la London, na jina lake la dukani ni Matchbox. Maneno MADE IN ENGLAND maana yake limetengenezwa Uingereza. Kama pameandikwa China, Macau au Thailand, basi ni la miaka ya karibuni zaidi, hata kama jina la Matchbox lipo.

Tuanze na Liverpool. Huko alizaliwa Frank Hornby mwaka 1863. Hakuwa mhandisi. Alikuwa karani katika kampuni iliyoingiza nyama kutoka nchi za nje. Nyumbani aliwatengenezea wanawe vipande vya bati vyenye matundu, vya kuunganisha kwa skrubu na nati, ili wajenge madaraja na kreni. Mwaka 1901 alipata hataza, yaani haki ya serikali ya kumlinda mtu asiibiwe uvumbuzi wake. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa Meccano. Baadaye kiwanda chake kilitengeneza treni ndogo, na mwezi wa Desemba 1933 wakatoa seti ya magari sita ya kuweka kando ya reli za treni hizo: magari mawili ya kutembelea, lori, gari la kupeleka mizigo madukani, trekta na kifaru cha vita. Mwaka 1934 yakapewa jina la Dinky Toys. Hornby alifariki mwaka 1936, lakini magari yaliendelea kutoka hadi kiwanda kilipofungwa mwezi wa Novemba 1979.

Hao wa Matchbox walianza mwaka 1947. Walikuwa marafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith. Hawakuwa ndugu, ila majina ya ukoo yalifanana. Walichukua mwanzo wa jina la mmoja na mwisho wa jina la mwingine wakapata Lesney. Akaungana nao fundi mmoja hodari wa kalibu, Jack Odell. Inasimuliwa kwamba shule ya binti yake iliruhusu mtoto aje na kitu cha kuchezea ikiwa tu kinaingia ndani ya kiberiti. Odell akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara, ukaingia. Watoto wengine wakautaka. Mwaka 1953 magari ya ukubwa huo yakaanza kuuzwa, kila moja katika kiboksi kilichofanana na kiberiti. Mtoto wa mfanyakazi wa kawaida aliweza kulinunua kwa fedha zake za mfukoni. Hapo ndipo palipokuwa na biashara. Lesney ilifilisika mwaka 1982.

Corgi walikuja mwaka 1956, nao walijitangaza kwamba magari yao yana vioo. Na kweli, magari ya Dinky ya wakati ule yalikuwa na matundu matupu mahali pa madirisha. Kampuni iliyoyatengeneza ilianguka mwaka 1983.

Kwa hiyo viwanda vitatu vikubwa vya Waingereza vilianguka kati ya mwaka 1979 na 1983. Majina yalinunuliwa na wengine, na bado unaweza kuyaona dukani. Lakini magari yenyewe ya zamani hayaongezeki. Kila moja linalotupwa jalalani, au linaloharibiwa kwa brashi ya mtu mwenye haraka, ni moja limepungua.

VOLKSWAGEN YENYE KIFARU

Nimekuja na mawili leo, yako hapo mezani. La kwanza litawavutia zaidi kwa sababu linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki.

Wazee mtakumbuka mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda, ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe mnayoijua. Basi Corgi wakatoa Volkswagen ya Safari katikati ya miaka ya 1960. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, ubavuni ina namba 18, na juu ya paa pana tairi la akiba. Ukilizungusha tairi hilo la paani, magurudumu ya mbele hugeuka kushoto na kulia. Boneti inafunguka, na nyuma kwenye injini panafunguka. Na ndani ya boksi, pamoja na gari, mtoto alikuta kifaru! Siyo kifaru cha vita, kifaru wa porini mwenye pembe. Mtoto wa Uingereza alifikiri kila kona ya huku kwetu ina kifaru anayemsubiri dereva.

Hili langu halina kifaru wala boksi. Rangi imebanduka kwenye kingo za matao ya matairi na juu ya paa. Wapo walioniambia, "Lipake liwe jipya." Sikulipaka. Nililiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikatumia brashi laini ya meno, nikajihadhari nisiiguse ile namba ubavuni, maana hubanduka upesi. Nikalikausha. Nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Basi.

Kwa nini nimeliacha? Kwa sababu sehemu kubwa ya rangi yake bado ni ile iliyopakwa kiwandani. Rangi ile nikiitoa siwezi kuirudisha. Nikipaka mpya, hata iwe nzuri namna gani, itakuwa rangi yangu ya juzi. Hapa wakusanyaji wengi wanakubaliana: gari lenye rangi ya kiwandani, hata likiwa na makovu, kwa kawaida lina thamani kuliko lililopakwa upya likang'aa. Na likiwa na boksi lake la asili, thamani hupanda sana. Yale magari ya mizigo ya Dinky ya miaka ya 1930, yenye matangazo ya maduka ubavuni, yamewahi kuuzwa mnadani kwa maelfu ya pauni. Tangazo lile dogo ndilo linalonunuliwa. Ukilifuta kwa msasa umefuta fedha zote.

Sisemi haya ili mkaanze kutafuta utajiri katika mitumba. Mengi mtakayoyakuta ni ya kawaida, hayana bei. Nasema tu kwamba mtu asifute kitu kabla hajajua ni nini.

LORI LILILOSTAHILI KUPAKWA

Sasa tazameni la pili. Ni lori la Dinky, aina ya Foden. Malori ya Foden ya Dinky yalianza kutoka mwaka 1947, makubwa na mazito, na watoto waliyapakia kokoto kwelikweli. Hili lilinifikia likiwa halina rangi ila mabaka, na juu ya mabaka hayo mtu alipaka rangi nzito ya mlango, imeganda mpaka taa hazionekani. Tairi zilikuwa zimekauka zikapasuka. Hapa hapakuwa na cha kuokoa. Hili nililivua nguo zote.

Nitawaeleza nilivyofanya, maana vijana wa karakana wamenisihi nisiruke.

Kwanza, kabla ya kutoa chochote, nilitafuta rangi ya asili. Huipati juu, jua na mikono vimeibadilisha. Chungulia chini ya paa la kichwa cha lori, au pale bati la tumbo linapokutana na bodi. Pale palikuwa na kijani safi. Nikapaka kipande cha karatasi rangi inayofanana nayo, nikakihifadhi. Usitegemee kukumbuka, jicho husahau rangi upesi sana.

Pili, kulifungua. Magari haya hayana skrubu. Yamefungwa kwa ribiti: kinguzo kidogo cha bodi yenyewe kimepita katika tundu la bati, kikagongwa kichwa kikatanuka. Unakisaga kichwa kile kwa tupa, au unakitoboa kwa drili polepole, mpaka bati liachie. Simama hapo hapo. Ukizidisha, kinguzo kinakwisha na huna pa kufungia tena. Ndiyo maana nasema drili ya mkono ni bora kuliko ya umeme, ingawa inachosha. Tairi za mpira zitoe mapema, dawa ya kutoa rangi huziyeyusha.

Tatu, kutoa rangi. Hapa mafundi wetu wa bodi wana mazoea ya kuchoma rangi kwa moto. Msifanye hivyo! Magari haya siyo ya chuma, ingawa sote tunasema ni ya chuma. Ni ya zinki iliyochanganywa na alumini na madini mengine kidogo. Chuma huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,500. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Ndiyo sababu kiwanda kiliweza kuimimina katika kalibu za chuma maelfu kwa maelfu bila kalibu kuharibika. Na ndiyo sababu moto wako wa kuchomea utakuachia uji.

Akina mama wa kikundi cha sabuni wanajua kostiki. Kostiki hutoa rangi, ni kweli, na wengine huitumia. Lakini mnajua pia inavyokula sufuria ya alumini. Na zinki nayo huila, ikiachwa humo. Mimi hutumia dawa ya kutoa rangi ya dukani, ile nzito kama uji. Naipaka nje ya nyumba penye upepo, nikiwa na glavu. Nasubiri rangi ijikunje kama ngozi ya mhogo uliochemka, naikwangua kwa kijiti cha mti, kisha nasuuza.

Sumu niliyoitaja mwanzo ni hii: risasi. Sina maana ya risasi ya bunduki, nasema madini yenyewe. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi. Mtoto akilamba gari la namna hiyo, au akishika vumbi lake kisha akala ugali, risasi inaingia mwilini, na kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa mama mjamzito ni hatari pia. Kwa hiyo sisugui rangi ya zamani kwa msasa mkavu hata kidogo. Nikilazimika kusugua, msasa uwe umelowa, na matope yake nayafuta kwa kitambaa nisichokitumia tena. Maganda ya rangi nayakusanya yote katika gazeti, nayafunga, siyamwagi uani penye kuku na watoto. Sifanyi kazi hii jikoni. Nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Na gari la zamani simpi mtoto mdogo alichezee, hata akilia. Nina magari mengine ya kumpa.

Nne, rangi. Gari likishakauka kabisa, paka rangi ya kwanza ya kushikia, nyembamba. Iache usiku mzima. Kisha rangi yenyewe, mara mbili au tatu, kila mara nyembamba. Kosa la wengi ni kutaka kumaliza kwa mkono mmoja, rangi ikajaa kwenye mistari ya milango, gari likaonekana limevaa blanketi. Ukitumia rangi ya kupuliza, anza kupuliza kando ya gari, pitisha mkono juu yake, acha ukiwa umeshavuka upande wa pili. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, vumbi litulie. Mbu nao wana tabia ya kuja kufia kwenye rangi mbichi, sijui wanaitiwa nini. Funika kwa boksi la karatasi.

Tairi mpya za mpira zipo watu Uingereza wanazitengeneza hasa kwa ajili ya magari haya. Kuziagiza ni ghali. Hizi mnazoziona nimezikata mwenyewe katika mpira wa kandambili, kama tulivyofanya utotoni kwenye magari yetu ya makopo. Mkusanyaji wa Ulaya atakunja uso. Mimi zinanipendeza, na atakayetaka kuziondoa ataziondoa kwa kidole.

UGONJWA USIOTIBIKA

Liko jambo moja linaloweza kuharibu kazi yote hiyo. Magari ya miaka ya 1930 mara nyingi yana ugonjwa wa zinki. Kiwandani, kiasi kidogo sana cha risasi kiliingia katika zinki ilipoyeyushwa. Tazama risasi hiyo hiyo tena! Kidogo hicho kinatosha. Miaka inavyopita, hasa penye unyevu, zinki inaoza kwa ndani, inavimba, inapasuka nyufa kama udongo wa jaruba la kiangazi, mwisho inavunjika mkononi kama biskuti. Hakuna dawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilitumia zinki iliyo safi zaidi, na ugonjwa ukapungua sana.

Sasa, kuna watu wanaolijua gari lina nyufa hizo, wanaziba kwa puti, wanapaka rangi nzuri, wanaliuza kuwa zima. Miezi michache baadaye mnunuzi anakuta mavumbi kabatini. Wengine hawana ugonjwa wa kuficha, ila wanapaka gari upya, wanalitia katika boksi lililochapwa jana, wanasema ni la kiwandani tangu mwaka 1938. Mtu mmoja ninayemfahamu alitoa mshahara karibu wote kwa gari la namna hiyo. Alilia, na hapakuwa na wa kumshitaki.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kupaka upya ni dhambi. Lori hili lilikuwa takataka, leo ni lori. Ila kila ninalolipaka naliandika kwa ndani, chini ya kichwa, kwa sindano: limepakwa upya, na mwaka. Kazi ya dakika mbili. Nikifa kesho, atakayelirithi atafungua, atasoma, hatamdanganya mtu wala hatadanganywa.

Swali gumu zaidi ni lile la rangi ya mtoto. Huko nyumbani ninalo gari moja la Dinky ambalo mtoto fulani, zamani, alilipaka fedha mkono mzima, akaandika ubavuni kwa wino herufi mbili, nadhani ni za jina lake. Kwa kitabu cha bei limeharibika. Dawa ninayo, rangi ninayo. Mwaka wa tatu huu nalitazama, na bado sijafungua kopo. Mkono ule wa mtoto nao ulifanya kazi. Nikiufuta, nani atajua kwamba alikuwapo? Wenzangu wengine katika kazi hii wanasema mimi ni mlegevu. Labda ninyi mtakuwa na maoni tofauti, na ningependa kuyasikia, hasa kutoka kwa wanaojua kutengeneza magari ya waya. Magari yale ya kwetu hatuyapaki upya, hatuyahifadhi, yakikunjika tunayatupa. Sijui kama mwanafunzi wa leo anaweza kunionyesha hata moja lililotengenezwa mwaka niliozaliwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ndugu mwenye kigari cha mitumba, kilete mbele tukisome pamoja, ulisema chini kuna herufi usizozitambua. Wengine karibuni mezani mshike, mgeuze, mjaribu lile tairi la paani. Mkimaliza, ndoo ya maji na sabuni viko mlangoni. Kila mtu anawe kabla ya chai.